Aliyeambiwa Kweli, Je, Ameijua?

Mjadala wa sauti nne, Butembo

Methali yetu moja ina ukatili kidogo: asiyejua maana haambiwi maana. Mzee akiitamka, mazungumzo yamekwisha. Kama hujui, hata ukiambiwa hutajua. Lakini ikiwa ndivyo, nani aliwahi kujifunza kitu chochote? Yapata miaka 2,400 iliyopita, kijana tajiri kutoka Thessalia, kaskazini mwa Ugiriki, jina lake Meno, alimtega mwanafalsafa Socrates kwa swali la ukoo huohuo. Utakitafutaje kitu usichokijua? Na ukikiokota njiani, utatambuaje kuwa ndicho?

Butembo na jirani yake Beni, miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina haki ya kulijibu swali hili kuliko miji mingi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kuzuka Mangina, na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 waliugua, wengi wao Kivu Kaskazini na Ituri, na 2,287 wakafariki. Kwa karibu miaka miwili watu wa hapa waliambiwa mambo mengi ya kweli. Wengi hawakuyaamini. Na wale walioyaamini, je, waliyajua?

Hiyo ndiyo mada. Nimeketisha wasemaji wanne: Mwalimu, anayefundisha falsafa darasa la mwisho la sekondari, Muuguzi, aliyefanya kazi katika kituo cha matibabu ya Ebola, Mama, muuza maharagwe sokoni, na Motari, kijana wa teksi ya pikipiki. Wanne hawa ni wa kubuni. Miaka, idadi na vitabu watakavyovitaja si vya kubuni. Mimi ni mwenyekiti tu, na mwenyekiti mzuri husema kidogo.

DURU YA KWANZA: MWENYE MACHO

MOTARI: Nianze mimi, maana sina kitabu cha kunichelewesha. Wahenga walishamaliza: mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka 2019 nilimbeba jirani yangu Jumatatu, nikamfikisha kituoni. Alhamisi tulimzika. Nikambeba wa pili, naye hakurudi. Sikuhadithiwa na mtu. Niliona. Ukiingia kule hutoki. Hayo ndiyo maarifa yangu, na niliyalipia kwa machozi.

MWALIMU: Kijana wangu, umetoa jibu lilelile alilopewa Socrates. Katika kitabu cha Plato, mwanafunzi wake, kiitwacho Theaetetus, kijana hodari wa hesabu anaulizwa maarifa ni nini. Anajibu: kujua ni kuhisi, yaani kuona, kusikia, kugusa. Nyuma ya jibu hilo alisimama Protagoras, aliyefundisha kwamba binadamu ndiye kipimo cha vitu vyote. Upepo ukivuma, wewe ukasikia baridi na mimi nisisikie, basi kwako ni baridi na kwangu si baridi, na hakuna aliyekosea.

MOTARI: Si ni kweli?

MWALIMU: Kwa upepo, pengine. Lakini Socrates aliendelea kumbana. Rangi unaiona kwa jicho, sauti unaisikia kwa sikio. Sasa "wengi" na "wachache", "sawa" na "tofauti" unavihisi kwa kiungo gani? Hakuna. Roho yenyewe ndiyo inayopima na kulinganisha yale ambayo macho yameyaleta. Macho hubeba mzigo mpaka mlangoni. Kuupanga ndani ni kazi nyingine.

MUUGUZI: Niingie hapo. Kaka, wagonjwa wako uliwaleta siku ya ngapi ya ugonjwa?

MOTARI: Ya sita. Wa pili labda ya nane. Nyumbani walidhani ni malaria.

MUUGUZI: Unaona. Aliyefika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Wewe uliwabeba waliochelewa, na uliwabeba wa kuingia tu. Waliopona walitoka kwa miguu yao, cheti mkononi, wakachukuliwa na jamaa zao. Macho yako hayakudanganya. Yalikuwa yameegeshwa upande mmoja wa lango.

MWALIMU: Na lugha zetu zimelisikia jambo hili. Kigiriki kilijenga neno la "najua" juu ya mzizi wa kuona: aliyejua ni aliyekwisha kuona. Sisi Waswahili, kutokana na kuona tumejenga nini? Maoni! Ukisema "naona mvua itanyesha", hujaona chochote. Umedhani. Mgiriki alipandisha kuona hadi kwenye maarifa, Mswahili akakuacha kwenye maoni. Katika hili nadhani lugha yetu ilikuwa na tahadhari zaidi.

DURU YA PILI: LISEMWALO LIPO

MAMA: Mimi nimemsikia Mwalimu akisema maoni kama mtu anayesema uchafu. Sasa anisikilize. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa vijijini kandokando ya Beni. Mashambani, njiani, usiku. Tulipiga kelele miaka minne, hatukuona mahema wala magari meupe yakija kwa misururu. Mwaka 2018 unakuja ugonjwa, na mara dunia nzima iko mlangoni. Mtu mwenye akili aulize nini?

MUUGUZI: Aulize.

MAMA: Aliuliza, akajibiwa "nawa mikono". Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 2018. Zimebaki siku nne tupige kura ya rais, Tume ya Uchaguzi inasema Beni na Butembo hawatapiga pamoja na wengine, mpaka Machi. Sababu: Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini soko langu lilikuwa wazi siku ile, na makanisa yalijaa. Kumbe virusi vinasubiri kwenye sanduku la kura peke yake? Tarehe 30, watu wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe ya kuigiza, kuonyesha kwamba inawezekana. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tuliitwa tarehe 31 Machi, kuchagua wabunge. Ndipo watu wakasema Ebola ni biashara, Ebola ni siasa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

MWENYEKITI: Kwa kumbukumbu ya kikao: Septemba 2018, kabla ya mambo ya kura, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya kila wanne hivi hakuamini kwamba Ebola ipo. Waliokuwa na imani kwamba viongozi wa hapa wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi.

MWALIMU: Mama, sijasema maoni ni uchafu. Nikupe Athens. Mwaka 430 kabla ya Kristo, mji ukiwa umezingirwa na vita, tauni iliingia. Thucydides, mwandishi wa historia ya vita ile, aliugua mwenyewe akapona, akaandika alichokiona. Ugonjwa ulianzia bandarini Piraeus, na watu wa pale wakasema maadui wametia sumu kwenye visima vya maji. Maadui walikuwepo kweli. Walikuwa wanachoma mashamba kweli. Kila tofali la hoja ile lilikuwa la kweli, isipokuwa nyumba iliyojengwa. Sumu haikuwepo.

MAMA: Na waganga wao?

MWALIMU: Walikufa wengi kuliko wengine, kwa kuwa walikaa karibu na wagonjwa, na mwanzoni hawakujua wanatibu nini.

MUUGUZI: Sisi nasi tulizika wenzetu. Na haukuwa ugonjwa peke yake. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa hapahapa Butembo, katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilikuwa vimekwisha kushambuliwa mwezi Februari. Maoni hayakai kichwani tu, Mama. Hushuka mikononi.

MAMA: Sikatai, dada yangu. Lakini aliyemwua daktari yule hakuwa anauliza swali. Mimi nilikuwa nauliza. Msituweke kwenye kapu moja.

MWENYEKITI: Imeandikwa hivyo. Tuendelee.

DURU YA TATU: WAGANGA WAWILI

MUUGUZI: Basi nami nikiri. Tulipoingia mtaani, gari liliingia kwanza, mavazi ya kinga yakafuata, swali halikuingia kabisa. Tulisema: msiguse maiti, msimwoshe marehemu, huyu achanjwe. Kila neno lilikuwa la kweli. Mtu akiuliza kwa nini jirani achanjwe na yeye aachwe, tulijibu "ndio utaratibu". Hatukumweleza kwamba chanjo ilikuwa inajengwa kama uzio: waliomgusa mgonjwa kwanza, kisha wanaoishi na hao, ili virusi vikose njia ya kutokea. Wakadhani tunapendelea. Ukificha sababu, watu hujitafutia yao.

MWALIMU: Dada, umemsimulia Plato bila kumsoma. Katika kitabu chake cha uzeeni, Sheria, anasema mjini mna waganga wa aina mbili. Wa kwanza ni watumwa, wanaowatibu watumwa wenzao. Huyu hukimbia toka kitanda hadi kitanda, hasikilizi maelezo ya mgonjwa wala hatoi yake. Huamrisha kama mfalme dhalimu, kisha huyoo, kwa mwingine. Wa pili ni mganga huru anayewatibu watu huru. Anauchunguza ugonjwa tangu ulipoanza, anazungumza na mgonjwa na ndugu zake, anajifunza kwao huku akiwafundisha, na hatoi dawa mpaka mgonjwa awe ameridhika.

MUUGUZI: Vizuri sana kwenye kitabu. Lakini mganga huru wa Plato alikuwa na mgonjwa mmoja na mchana mzima. Sisi tulikuwa na ugonjwa usiosubiri. Nyumba ikiungua, hukai kufundisha tabia za moto.

MAMA: Nyumba iliungua karibu miaka miwili, dada. Ulikuwa na nafasi ya sentensi mbili.

(Kimya kidogo.)

MUUGUZI: Hilo silijibu. Niseme tu kwamba tulijifunza tukiwa njiani. Beni viliwekwa vyumba vya plastiki angavu, ndugu akasimama nje akamwona mgonjwa wake, akazungumza naye, akashuhudia kwamba hakatwi viungo wala hadungwi sumu. Na waliopona, washindi wa Ebola kama tulivyowaita, wakaingia kazini kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Wao waliweza kuwashika.

MWALIMU: Thucydides ana ukurasa wa hilo pia. Anasema waliowahurumia wagonjwa wa Athens zaidi ni wale waliopona, kwa sababu walikuwa wameujua ugonjwa kwa miili yao, na hawakuwa na hofu tena. Aliona kwamba haukumrudia mtu mmoja mara ya pili kwa nguvu ya kumwua. Hakuwa na neno la kinga ya mwili. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba ndivyo.

MOTARI: Basi alijua kama mimi!

MWALIMU: Alijua zaidi yako kidogo, maana alilinganisha wengi. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alikuja kuzipanga ngazi hizi. Kuna kuhisi, halafu kumbukumbu, halafu uzoefu unaotokana na kumbukumbu nyingi za jambo lilelile, na juu yake ujuzi kamili. Mwenye uzoefu anajua kwamba jambo liko hivi. Mwenye ujuzi anajua kwa nini liko hivi. Lakini Aristotle, ambaye baba yake alikuwa tabibu, aliongeza onyo: mwenye uzoefu bila kitabu mara nyingi hufaulu kuliko mwenye kitabu bila uzoefu, kwa sababu mganga hamtibu "binadamu" kwa jumla. Anamtibu huyu hapa, mwenye jina.

MAMA: Mnanifurahisha. Sasa dada Muuguzi, nikuulize mimi. Virusi vya Ebola umeviona?

MUUGUZI: Kwa macho? La.

MAMA: Uliona nini?

MUUGUZI: Karatasi ya maabara. Imeandikwa ana, au hana.

MAMA: Basi na wewe uliambiwa, kama mimi! Tofauti yetu ni nini? Wewe uliamini karatasi, mimi niliamini jirani.

MWALIMU: Mama, hapo umemfikisha Socrates kwenye ukingo wa kitabu kile cha Theaetetus. Anatoa mfano wa mahakimu wanaohukumu wizi ambao hawakuushuhudia. Wakili hodari anawashawishi, wanatoa hukumu, na hukumu inakuwa sahihi. Je, walijua? Anasema hapana. Walikuwa na maoni ya kweli. Kuwa na kweli na kuijua ni vitu viwili.

MUUGUZI: Ila tofauti ipo, Mama. Karatasi yangu ina njia ya kurudi nyuma. Naweza kumwuliza aliyepima, naye anionyeshe mashine, na sampuli ikapimwa upya, na nikikuta kosa nikasema. Maneno ya jirani ukiyafuata nyuma, unafika kwa "wanasema". Hao "wanasema" hawana mlango wa kubisha.

MAMA: Hapo umenipata. Lakini mlango wako nao ulikuwa na mlinzi mwenye bunduki.

DURU YA NNE: KIWANJA SAKAFUNI

MOTARI: Mwalimu, mbona Wagiriki tu? Sisi hatukuwa na vichwa?

MWALIMU: Swali halali. Shuka hapo Ishango, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa uliochanjwa mistari kwa makundi, wa tangu miaka 20,000 hivi iliyopita. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Zijumlishe, kila moja ni 60. Aliyechanja alikuwa anahesabu kitu. Kitu gani? De Heinzelin aliona mchezo wa namba, mwingine akaona kalenda ya mwezi. Mfupa uko Brussels, na sababu yake ilikufa na mwenyewe. Vichwa tulikuwa navyo, kijana. Unaweza kuurithi mfupa na usirithi maarifa.

MOTARI: Haya, nimekubali. Tuendelee na Wagiriki wako.

MWALIMU: Chukua chaki. Chora kiwanja sakafuni, mita 2 kwa 2. Ukubwa wake?

MOTARI: Nne za mraba.

MWALIMU: Mteja anataka kiwanja cha umbo hilohilo, chenye ukubwa mara mbili. Upande utakuwa mita ngapi?

MOTARI: Rahisi. Mara mbili, si ndiyo? Mita 4.

MWALIMU: Chora.

MOTARI: ... Loo. Hii imekuwa 16. Mara nne! Basi mita 3.

MWALIMU: Tatu kwa tatu?

MOTARI: Tisa. Nataka nane. Mwalimu, sijui.

MWALIMU: Hapo ulipo sasa ni pazuri kuliko ulipoanza. Dakika mbili zilizopita ungeuza kiwanja hicho kwa ujasiri na kumtia mteja hasara. Katika kitabu kingine cha Plato, Meno alimlalamikia Socrates kwamba ni kama yule samaki wa baharini anayekutia ganzi ukimgusa. Socrates akamjibu kwa mfano huuhuu, akimpa kijana mmoja kiwanja kama hiki: kijana ametiwa ganzi, amedhurika nini? Sasa anatamani kujua. Haya, kwenye kiwanja cha kwanza, piga mstari toka kona hadi kona.

MOTARI: Nimekikata nusu mbili.

MWALIMU: Nusu ya nne ni mbili. Ukijenga kiwanja juu ya mstari huo, kitabeba nusu kama hizo ngapi?

MOTARI: Moja, mbili ... nne. Nne mara mbili ni nane. Ni nane! Upande ni huu wa kona kwa kona!

MWALIMU: Nani kakufundisha?

MAMA: Wewe! Usituchezee, Mwalimu. Mimi nauza. Nikimwuliza mteja "nikupimie kilo mbili au tatu?", sijamwuliza kama ananunua. Swali lako lilikuwa limebeba jibu mgongoni. "Piga mstari toka kona hadi kona", hilo ni swali au agizo?

MWALIMU: Ni agizo. Wasomi wamemshika Socrates hapohapo tangu zamani. Yeye alidai kwamba roho ilishajua yote kabla ya kuzaliwa, na kujifunza ni kukumbuka. Ajabu ni kwamba neno letu "kufahamu" lina maana zote mbili, kuelewa na kukumbuka. Lakini Socrates mwenyewe hakuapa juu ya hadithi ile. Alisema kitu kimoja tu yuko tayari kukipigania kwa neno na kwa tendo: tukiamini kwamba ni wajibu kutafuta tusichokijua, tutakuwa watu bora na hodari kuliko tukiamini kwamba haitafutiki. Na angalia jambo moja, Mama. Mstari nilimpa. Kuona kwamba ni nane, sikuweza kumpa. Hilo alilitoa mwenyewe.

MAMA: Haya. Na yule kijana wa kwanza, wa Socrates, jina lake nani?

MWALIMU: Alikuwa mtumwa wa nyumbani kwa Meno. Kitabu hakimtaji jina.

MAMA: Nilijua. Aliyeufundisha ulimwengu hesabu hana jina. Mwaka 2019 na sisi tulikuwa "kontakti namba fulani", yaani aliyemgusa mgonjwa. Liandikeni na hilo.

DURU YA TANO: KUFUNGA

MWENYEKITI: Turudi kwenye mada. Mwalimu, Meno alipewa jibu gani?

MWALIMU: Alipewa njia. Socrates alisema: mtu anayeijua njia ya kwenda Larissa atawafikisha wenzake. Lakini mtu asiyewahi kwenda, akabahatisha maoni sahihi, naye atawafikisha. Kwa nini basi tusumbuke na maarifa?

MOTARI: Hilo ni la kwangu. Kutoka hapa mpaka Beni ni kilomita 50 na kitu. Mgeni akiambiwa "fuata barabara kubwa, pitia Maboya", atafika. Siku barabara ni salama. Siku imefungwa, au mvua imekata daraja, yule aliyeambiwa anasimama katikati kama kisiki. Mimi najua ni kilima gani kina njia ya nyuma, na kwa nini leo nisiipite. Aliyeambiwa ana njia moja. Anayejua ana nchi nzima.

MWALIMU: Miaka ishirini nafundisha kitabu kile, sijapata ufafanuzi mzuri kama huo. Socrates alitumia sanamu za fundi Daedalus, ambazo hadithi ilisema zilikuwa hai kiasi kwamba usipozifunga hutoroka. Maoni ya kweli, alisema, ni mazuri yakikaa. Tatizo hayakai. Hutoroka, mpaka uyafunge kwa kufikiri sababu yake. Yakifungwa, yanakuwa maarifa.

MUUGUZI: Nami nina mfano wa kufunga. Kikwit, mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliokwisha kupona. Saba walipona. Wataalamu wa nje wakatikisa vichwa: hamkuwa na kundi la kulinganisha, pengine wangepona tu. Na walikuwa na haki. Muyembe alikuwa na maoni, naamini ya kweli, lakini sanamu haikuwa imefungwa. Baadaye, kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilipatikana kingamwili iliyotengenezwa dawa, ikaitwa mAb114. Unajua ilifungwa wapi?

MOTARI: Ulaya.

MUUGUZI: Hapa. Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kuanzia Novemba 2018, katikati ya risasi na mawe, wagonjwa 681 waligawiwa kwa bahati nasibu dawa nne tofauti, ili ijulikane ipi inaponya. Agosti 2019 jibu likatoka. Kwa dawa iliyokuwa ya kulinganishia, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa mAb114 na nyingine moja iliyoshinda pamoja nayo, ilikuwa kama theluthi. Na jina la utafiti ule halikuwa Kigiriki wala Kifaransa. Liliitwa Pamoja Tulinde Maisha.

MAMA: Hilo sikuwahi kuambiwa.

MUUGUZI: Najua, Mama. Ndilo kosa letu kubwa kuliko yote. Tulikuja kama watu wanaoleta ujuzi, kumbe ujuzi wenyewe ulikuwa unazaliwa mikononi mwenu, kwa damu zenu.

MWALIMU: Mama yake Socrates alikuwa mkunga. Yeye mwenyewe alisema amerithi kazi ile: hazai, anazalisha, halafu anakichunguza kichanga kama kina uhai au ni upepo mtupu. Mkunga asiyemweleza mzazi kwamba amezaa ni mkunga gani?

HUKUMU YA MWENYEKITI

Nimesikiliza, sasa nakata shauri.

Aliyeambiwa kweli akaiamini, hajaijua bado. Ana kweli ya kuazima. Inamfaa njia ikiwa wazi, na humtoroka siku daraja likikatika. Kwa hili nampa Motari alama zote. Lakini aliyeona naye asijigambe, kwa sababu macho huegeshwa upande mmoja wa lango. Kwa hili nampa Muuguzi. Mwalimu amepata alama kwa vitabu, akapoteza chache kwa ule mstari wa kona.

Uzito wa hukumu naupeleka kwa Mama. Shaka yake ilikuwa na sababu, hata pale ambapo hitimisho la mtaa wake lilikuwa la uongo na liliua. Tulizoea kusema kwamba watu wa Butembo na Beni hawakujua. Sahihi zaidi ni kwamba waliuliza, na mwenye jibu alidhani kuulizwa ni kudharauliwa. Aristotle alisema alama ya anayejua ni kuweza kufundisha. Kwa kipimo hicho, asiyetaka kuulizwa hajathibitisha kwamba anajua, hata akiwa na vyeti ukuta mzima. Na methali yetu ya mwanzo naikatia rufaa kwa methali nyingine: kuuliza si ujinga. Asiyejua maana huambiwa maana, ila aambiwe pamoja na sababu, na aachwe aigeuzegeuze.

Msomaji, ukiambiwa jambo la afya yako, la kura yako au la shamba lako, uliza sentensi mbili zaidi. Na ukiwa wewe ndiye unayeambia, uwe nazo tayari.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena hapa Butembo. Tarehe 3 Mei ikatangazwa kwisha: wagonjwa 12, vifo 6. Sitadai kwamba Plato ndiye aliyeizima. Nasema tu kwamba safari ile hakuna mtu wa mji huu aliyehitaji kuambiwa Ebola ni nini.